Nahodha wa Mita Tatu

Kila Jumatano na Ijumaa, masomo yalipokwisha, wanafunzi wote walikimbilia langoni isipokuwa sita. Hao sita walikimbilia upande wa pili wa shule, kwenye chumba cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa saba, lakini ya saba ilikuwa imekufa tangu muhula uliopita, ikabaki kuwa mahali pa kuwekea mikoba. Aliyewahi kufika kila mara alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeitwa Vidoti.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, ila hata walimu walikuwa karibu kulisahau. Alipokuwa darasa la kwanza alihesabu kwa kuchora vidoti pembezoni mwa daftari, na hesabu ikishaisha aliviunganisha vidoti vile vikawa kuku, viti, na siku moja uso wa mwalimu mkuu. Ule uso ulimponza, akafagia uwanja siku tatu, na jina likamganda.

Muhula huu chama cha kompyuta kilikuwa na kazi kubwa. Maktaba ya bandari ilikuwa na korido yenye ukuta mweupe wa mita tisa, na mkutubi wake alikuwa amechoka kuutazama ukuta mtupu. Aliwaomba watoto wamchoree meli sita za zamani na za sasa, zote kwenye mstari mmoja, kuanzia ile ya kale iliyoendeshwa kwa makasia hadi ile ya kubeba makontena. Zichorwe kwa pikseli, yaani vile viraba vidogo vinavyounda picha kwenye kompyuta, na zote zifuate kipimo kimoja: kiraba kimoja ni nusu mita ya meli yenyewe. Zikichapishwa, kila kiraba kingekuwa sentimita moja ukutani. Kwa hiyo meli ya makontena, yenye urefu wa mita mia mbili, ingemeza mita nne za ukuta, na ile ya makasia ingetosheka na sentimita sabini.

Mkutubi alikuwa mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, lakini siku alipokuja kuwaeleza kazi hakuwa na mzaha.

“Mtoto akipita hapa,” alisema, “nataka aone kwa macho yake, hata kama hajui kusoma, jinsi meli za zamani zilivyokuwa ndogo na watu wakazipanda hivyo hivyo. Sitaki picha ya kupendeza tu. Nataka picha isiyomdanganya.”

Kila mtoto alipewa nakala ya mchoro wa meli yake kutoka kwenye makabati ya maktaba. Kazi ilikuwa kupima mchoro kwa rula, kufanya hesabu, kisha kuhesabu viraba kwenye kompyuta kimoja kimoja. Vidoti alipewa meli ya mvuke iliyowahi kubeba abiria, yenye sitaha mbili na dohani moja ndefu ya kutolea moshi. Ile ya makasia alipewa mvulana aliyeitwa Kengele. Usidhani alikuwa na makelele. Walimwita Kengele kwa sababu ilibidi agongwe ndipo atoe sauti.

Vidoti alipima vizuri. Meli yake ilikuwa na mita arobaini na nane, ikawa viraba tisini na sita. Alipima dohani, akapima sitaha, akahesabu madirisha ya duara. Alikaa na kipanya mkononi mpaka kidole kikafa ganzi. Mwishoni mwa wiki ya tatu meli yake ilikuwa imekamilika kuliko zote, nyeusi chini, nyeupe juu, na mstari mwekundu majini. Kilichobaki ni nahodha wa kusimama sitahani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Mtu mzima ana urefu wa karibu mita moja na robo tatu, yaani viraba vitatu na nusu. Sasa wewe jaribu kuchora mtu kwa viraba vitatu na nusu. Kiraba cha kichwa, kiraba cha kifua, kiraba cha miguu, basi. Vidoti alimchora, akamtazama, akaona kijiti cha kiberiti kimesimama juu ya meli ya kifahari. Hana kofia, hana macho, hana hata pa kuwekea ndevu. Akamwongezea kiraba kimoja. Afadhali, lakini bado. Akaongeza kingine, na kingine tena. Nahodha alipofika viraba sita alikuwa amependeza ajabu: kofia nyeupe yenye ukingo mweusi, ndevu za kijivu, vifungo viwili vya dhahabu, na mkono mmoja nyuma ya mgongo kama mtu anayekagua mali yake.

Vidoti alijua kabisa kwamba viraba sita ni mita tatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Akajiambia kwamba nahodha ni pambo tu, meli yenyewe imepimwa, na nani atakwenda kumpima pambo?

Siku hiyo mwalimu wa kompyuta alikuwa akipita nyuma ya viti. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye funguo nyingi kiunoni zilizomtangulia kama msafara. Alipofika kwa Vidoti funguo zikanyamaza. Akainama, akamwona nahodha, akacheka mpaka wengine wakaja kuchungulia.

“Huyu ni mtu na nusu,” akasema. “Umempima?”

Kama angeuliza lolote jingine, labda Vidoti angejibu kweli. Lakini wenzake watano walikuwa wamemzunguka, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kumvimba. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

“Nimempima, Mwalimu.”

Mwalimu alifurahi, na kwa furaha yake akatoa amri ambayo Vidoti hakuitarajia. Nahodha yule atiwe kwenye faili la kila mmoja, asimame juu ya kila meli. Watazamaji wakiona mtu yule yule kwenye meli sita, watajua mara moja ipi kubwa na ipi ndogo. Na ninyi wachoraji, akasema, mkiwa na shaka juu ya urefu wa mlango au kizuizi cha sitaha, linganisheni na nahodha. Kuanzia leo huyu ndiye mtu wetu wa kipimo.

Jioni ile Vidoti alirudi nyumbani na nakala ya meli yake kwenye karatasi, akaibandika jikoni. Baba yake, fundi wa kutandika vigae, aliisifu sana na kuuliza kama ile meli inaelea kweli. Mama yake alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto na wazee, na kila siku ya kazi aliwasimamisha watu kwenye ubao wa kupimia urefu. Aliisogelea karatasi huku ananawa mikono, akaitazama kwa muda.

“Huyu nahodha wako analala wapi?” akauliza. “Maana kwa mlango huu, kichwa kikiingia mabega yanabaki nje. Miaka kumi na miwili napima watu, sijaona kiumbe kama huyu. Hakuna refu lisilo na ncha, mwanangu, lakini huyu ncha yake sijaiona.”

Baba akacheka, Vidoti naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa cha meno tu. Jumatano iliyofuata aliwahi chumba cha kompyuta, akaurefusha mlango wa meli kutoka viraba vinne hadi saba ili nahodha apite. Mlango uliporefuka, sitaha ya juu ikawa inaukata kichwa, basi akaipandisha sitaha. Sitaha ilipopanda, dohani ikaonekana fupi, akairefusha dohani. Meli aliyoipima kwa wiki tatu aliiharibu kwa dakika ishirini, na ilivyokuwa inapendeza, hakuna aliyegundua.

Hakuwa yeye peke yake. Wengine nao walilinganisha kila mtu mlango wake na nahodha, kama walivyoagizwa. Aliyekuwa na merikebu ya milingoti mitatu aliinua vizuizi vya sitaha. Aliyechora boti la kuvuta meli alikipandisha kibanda cha usukani mpaka boti likafanana na mnara. Aliyekuwa na kivuko na yule wa makontena nao walirefusha milango na ngazi. Watano walikwenda na nahodha. Mmoja alikataa.

Meli ya Kengele ilikuwa nyembamba na ya chini. Kutoka majini hadi ukingo wake wa juu kulikuwa na mita mbili tu, yaani viraba vinne. Nahodha aliposimamishwa ndani yake alionekana kama mtu anayeoga kwenye beseni. Wapiga makasia walipowekwa kwa kumfuata yeye, vichwa vyao vilitokeza juu kama chupa ndani ya kreti. Wenzake walicheka. Mmoja akasema hiyo ni meli ya wanasesere, na jina likaanza kuzunguka chumbani.

Mwalimu alikuja, akaitazama, akamwambia Kengele kwamba amekosea kipimo, aikuze meli yake. Kengele alisema kwa sauti yake ya chini kwamba ameipima. Mwalimu akamwambia aipime tena, maana meli tano zinakubaliana na nahodha na moja haikubali, na kati ya tano na moja, makosa yanajulikana yako wapi. Faili zote zilitakiwa kwa mchapaji Alhamisi ya wiki iliyofuata. Isiporekebishwa, akasema bila ukali ila bila kusita, ukuta utakuwa na meli tano.

Vidoti aliyasikia yote hayo akiwa amekodoa macho kwenye kioo cha kompyuta. Akaendelea kubofya kipanya.

Ijumaa Kengele alivuta kiti akaketi karibu naye. Hakuwa na desturi ya kuomba msaada. Alimfungulia daftari lake na kumwomba amtafutie kosa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kupima kuliko wote. Daftari lilikuwa safi. Kila kipimo kilikuwa kimeandikwa mara tatu, kwa tarehe tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile. Urefu, upana, ukingo, nafasi kati ya kasia na kasia. Vidoti alishuka ukurasa mzima kwa kidole, akitumaini kuona hata kosa moja dogo la kumwokoa. Hakuliona.

“Labda rula yako,” akasema. “Rula nyingine zimechapwa vibaya.”

Kengele aliigeuza rula yake mkononi, akaitazama pande zote mbili kama mtu aliyeambiwa rafiki yake ni mwizi. Kisha akaenda kuazima rula ya mmoja wa wenzao, akalinganisha, akaazima ya pili, akalinganisha tena. Baadaye akaonekana amepiga magoti sakafuni, mchoro wa meli ukiwa mbele yake, anaanza kupima kwa mara ya nne. Vidoti alisema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla ya wakati. Na kweli kilikuwa kinamuuma.

Jumamosi alimpelekea baba yake chakula kazini. Ilikuwa nyumba mpya isiyo na milango bado, na sebuleni baba alikuwa amechuchumaa na patasi na nyundo, anabandua vigae alivyokuwa amevitandika siku mbili zilizopita. Ndoo tatu zilikuwa zimejaa vipande. Vidoti aliuliza kulikoni.

Baba alijifuta vumbi usoni, akaketi juu ya mfuko wa saruji na kuanza kula. Alisimulia huku anajicheka. Alikuwa ametandika safu kumi na moja, safu ya mwisho ilipofika ukutani ikawa imepinda, upande mmoja kigae kizima, upande mwingine kipande cha kukata. Alimpigia simu mwashi aliyejenga, akamwambia ukuta wake umekaa upande kama mlevi. Mwashi akaja na kamba na timazi, akaupima ukuta mbele ya mwenye nyumba. Ukuta ulikuwa umenyooka. Ndipo baba akarudi nyuma safu kwa safu mpaka kigae cha kwanza kabisa, pale mlangoni. Kilikuwa kimekwenda kando kwa unene wa kucha.

“Wengine wote walikuwa wanamfuata yule,” baba alisema. “Hawana kosa. Nami nikamsingizia mwenzangu.”

“Umemwambia?”

“Mwashi? Nimemwambia jana hiyo hiyo. Alicheka, akala chapati zangu mbili, yakaisha. Kubandua vigae kunauma mgongo tu. Kumwona mtu anabeba kosa langu kungeniuma mahali ambapo hata mama yako hana dawa yake.”

Baba hakujua lolote juu ya nahodha. Alirudi kwenye patasi yake, akaanza kupiga mluzi. Lakini Vidoti alibaki amesimama pale, na mawazo yake yalikuwa kwa mvulana aliyepiga magoti sakafuni na rula ya kuazima. Alimsaidia baba kubeba ndoo nje, ndoo baada ya ndoo, na ya mwisho ilipomwagwa alikuwa ameshaamua.

Wiki ile ya mwisho chama kilikutana kila siku. Jumatatu Vidoti alimngoja mwalimu mlangoni. Alizisikia funguo kabla ya kumwona mwenyewe, na kwa kila hatua zilipokaribia alitamani mwenye funguo angepita njia nyingine. Mwalimu alimwambia aseme upesi, ana karatasi za kusahihisha.

“Nahodha ni mrefu mno,” Vidoti akasema. “Ana viraba sita. Alitakiwa awe na vitatu na nusu. Nilijua, Mwalimu. Uliponiuliza kama nimempima, nilisema uongo.”

Mwalimu alizikamata funguo zake kwa mkono mmoja zisilie. Vidoti akaongeza yaliyobaki: mlango, sitaha, dohani, na rula ya Kengele. Maji alikuwa ameshayavulia nguo, akaona ayaoge yote.

“Mimi umeniambia,” mwalimu akasema mwishowe. “Kengele bado. Twende.”

Ndani, wenzake watano walikuwa wameshawasha kompyuta. Vidoti alisimama mbele yao, akaeleza tena, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu nahodha alikuwa nyuma yake kwenye vioo sita, anatabasamu katika ndevu zake. Aliposema kwamba nahodha ana mita tatu, yule mwenye boti lililofanana na mnara akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wanaona kwa mara ya kwanza milango waliyokuwa wameichora, ambayo twiga angeipita bila kuinama. Lakini kicheko kilipokwisha waliikumbuka kazi. Mmoja alinung'unika kwamba itabidi kubomoa kila kitu na siku zimebaki tatu, na hakuna aliyembishia.

Kengele hakucheka wala hakunung'unika. Alikuwa anamtazama Vidoti tu.

“Na rula yangu?” akauliza.

“Rula yako ilikuwa nzima,” Vidoti akasema. “Nilijua daftari lako halina kosa. Nisamehe.”

Kengele alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, na wenzake wakangoja. Kisha akasema kwamba ana makasia ishirini na matano ya kupaka rangi, na mkono umeshachoka kwa kupimapima. Vidoti akasema atayapaka yote. Ikawa hivyo.

Mwalimu naye alikuwa na neno. Alimgeukia Kengele mbele ya wote akamwambia kwamba ameonewa, na kwamba sehemu ya kosa ni ya mwalimu. Alihesabu meli tano upande mmoja na moja upande wa pili, badala ya kuchukua rula mwenyewe. Tena siku ile kwa Vidoti alitazama ndevu, hakutazama viraba. Watoto walikuwa hawajawahi kumsikia mwalimu akisema nimekosa.

Siku tatu zile walifanya kazi bega kwa bega. Milango ilirudi viraba vinne. Kibanda cha boti kikashuka, dohani ya Vidoti ikarudi ilipokuwa, na kila kipimo kikasomwa na mmoja na kuandikwa na mwingine. Lililowashinda ni nahodha. Kwa viraba vitatu alikuwa mfupi, kwa vinne mrefu, na kwa vyote viwili hakuwa na sura. Kengele ndiye aliyewaza kwamba kiraba cha juu kipakwe rangi hafifu, iliyochanganyika na ya anga, ili jicho likione kama nusu. Vidoti alijaribu. Kiraba hafifu cheupe kikawa kofia, kimoja cha kahawia kikawa uso, viwili vya buluu vikawa mwili. Ndevu na vifungo vya dhahabu alivifuta kwa mkono wake mwenyewe, na iliuma kidogo.

Ukimtazama kwa karibu, hakuwa kitu. Lakini Vidoti alipokwenda kumfungulia mlango mtu aliyebisha hodi, akageuka kutazama kutoka mbali, alimwona: mtu mdogo mwenye kofia, amesimama wima juu ya meli kubwa, na bahari yote iko mbele yake. Meli, kwa ajili yake, ilikuwa imekuwa kubwa maradufu. Akawaita wenzake mlangoni, nao wakaja mmoja mmoja kutazama.

Faili zilifika kwa mchapaji Alhamisi jioni, robo saa kabla hajafunga. Wiki mbili baadaye karatasi ndefu ilikuwa ukutani kwenye korido ya maktaba, na wazazi, wafanyakazi wa bandari na wapita njia waliingia kuitazama. Baba alipitisha kidole chini ya mstari wa maji kuona kama umenyooka. Mama alisimama mbele ya mlango wa meli ya mvuke, akamtazama nahodha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watoto wadogo walimtafuta mtu mwenye kofia kutoka meli hadi meli. Walipofika kwenye ile ya makontena na kumkuta mdogo kama sisimizi kwenye ukuta wa nyumba, walirudi mbio mpaka kwenye ya makasia kuhakikisha kwamba ni yule yule.

Alikuwamo pia mama mmoja mrefu, mwenye mvi, aliyesimama mbele ya meli ya mvuke asibanduke. Mkutubi alimjua. Mama yule aliwahi kuwa mpishi wa meli hiyo kwa miaka tisa. Aliweka kidole kwenye mlango wa sitaha ya chini akasema kwamba hapo ndipo alipokuwa akitokea kupunga hewa, na kwamba mlango ulikuwa hivyo hivyo, mfupi, kila asubuhi alikuwa akiligongesha hapo beseni alilojitwika kichwani. Akacheka peke yake, akayapangusa macho. Kisha akasema kimekosekana kitu kimoja. Jikoni kulikuwa na tundu la kutolea moshi, la mraba, la kama nusu mita, lililotobolewa baada ya meli kujengwa, ndiyo maana halimo kwenye mchoro wa kabatini.

Vidoti, aliyekuwa karibu, aliuliza lilikuwa juu kiasi gani. Mama yule akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akasema hapa hivi. Mtu mwingine angeandika “hapa hivi” na kuondoka. Vidoti alimwomba mama huyo kwa heshima asimame ukutani, mkono ukiwa pale pale. Akampigia Kengele ishara, wakafungua tepu ya kupimia ya baba yake Vidoti, wakapima kutoka sakafuni. Mita mbili na robo. Mama akashusha mkono apumzike, akaombwa aunyooshe tena, wakapima mara ya pili, kisha kila mmoja akafanya hesabu yake kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake.

Mwalimu aliwatazama mpaka walipomaliza. Aliita chama chote, sita kwa jumla, wakasimama pembeni mwa korido.

“Sikilizeni,” akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. “Kukosea si aibu, kiraba kinafutika. Lakini uongo ukiachwa ndani ya kazi ya watu wengi, wote wanaanza kupimia kwa huo uongo, na mwisho wake anayesema kweli ndiye anayeonekana amekosea. Njia ya mwongo ni fupi, ila anaowapitisha humo ni wengi. Ukijua umepotosha, sema. Ukichelewa, sema hata hivyo, kama Vidoti alivyosema. Na wewe unayepimwa na watu watano wakakuambia umekosea, usiitupe rula yako.”

Mkutubi alikuwa ameshaleta gundi na kipande cha karatasi nyeusi. Vidoti alikikata kwa makini, sentimita moja kwa sentimita moja. Kengele akaonyesha mahali kwa ncha ya penseli, viraba vinne na nusu juu ya sakafu ya jikoni, na mpishi wa zamani akainama kati yao kuona moshi wake unapotokea. Vidoti akakibandika, akakibonyeza kwa kidole mpaka kikashika.